Bukavu: Kabla ya kukata mguu, mshipa uangaliwe kwanza

Bukavu, Kivu ya Kusini – Kuna maneno ambayo familia nyingi za Kadutu, Bagira na Ibanda zinayajua, na hata zile zilizokimbia vita na kupokewa kwa ndugu zinayajua: "Mguu umeoza, lazima ukatwe." Familia inalia, inatafuta pesa, inatia sahihi. Mara chache kuna anayeuliza swali la pili: mguu umeoza kwa sababu gani?

Swali hilo ni lazima liulizwe. Si kila mguu unaokatwa uliharibiwa na risasi au ajali. Mingine imekosa damu tu, kwa sababu mshipa unaoipeleka damu hiyo umeziba. Na mshipa ulioziba, waganga wanajua kuuzibua kwa mpira mwembamba tangu zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo mguu ukikatwa bila mtu kuangalia mshipa, hiyo si bahati mbaya wala mapenzi ya Mungu. Ni kazi ambayo haikufanywa, na kila kazi isiyofanywa ina mwenyewe.

Wapo watakaosema mgonjwa amekanyaga ulozi. Ulozi huo una majina yanayojulikana: sukari, tansioni, tumbaku, mafuta mengi katika damu, na uzee. Mambo haya yanauchakaza mshipa kutoka ndani, polepole, kama kutu katika bomba la maji. Mgonjwa anaanza kuumwa shavu la mguu akipanda ngazi za Kadutu, akisimama kidogo maumivu yanaisha. Anasema ni uchovu. Miezi inapita, anapata kidonda kidogo kwenye kidole, nacho hakiponi. Familia inayompeleka kwa mtu wa hirizi wakati huo inapoteza wiki ambazo mguu hauna.

Kuna njia nyingine, ya ghafla, na hiyo haichagui wazee. Mtoto anayeugua koo mara kwa mara bila matibabu anaweza kuharibika valvu za moyo. Akiwa kijana, moyo huo unaanza kupiga ovyo, damu inaganda ndani yake, donge linatoka na kwenda kukwama kwenye mshipa wa mguu. Mguu unauma sana mara moja, unapauka, unakuwa baridi, unakufa ganzi. Kutoka hapo saa zinahesabiwa: baada ya saa 6 hivi, nyama ya mguu inaanza kufa na kuokoa kunakuwa kugumu.

Sasa, mpira unaofaa kwa hatari hiyo ni chombo gani? Wengi watafikiri ni mashine kubwa ya Ulaya. Hapana. Ulibuniwa na kijana wa Marekani, Thomas Fogarty, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Cincinnati na kuona watu wakifa au kupoteza miguu kwa sababu ya damu iliyoganda. Alichukua ncha ya kidole cha glovu ya upasuaji, akaifunga kwenye mpira mwembamba kwa mafundo aliyojifunza katika kuvua samaki. Mganga anafungua mshipa kwenye kinena, anapitisha mpira mpaka nyuma ya donge, anajaza kiputo, kisha anauvuta pole pole. Donge linatoka, damu inashuka. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwaka 1961. Kazi hiyo inahitaji chumba cha upasuaji, mpasuaji aliyefundishwa na dawa ya kuzuia damu isigande. Mara nyingi hata usingizi wa kulaza mwili mzima hauhitajiki.

Bukavu ina wapasuaji. Mji huu una Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na dokta Denis Mukwege mwaka 1999, na dunia nzima ilikuja kujua jina lake alipopata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Una Hospitali ya Rufaa ya jimbo na chuo kikuu kinachofundisha waganga. Watu wanaoshona majeraha ya risasi usiku na mchana hawawezi kushindwa kufundishwa kuvuta donge la damu. Basi hoja ya kwamba "hapa haiwezekani" isimame pembeni.

Wengine watasema: mgonjwa aende Kigali. Kwa ugonjwa unaokuja polepole, ushauri huo ni mzuri. Kigali kuna Hospitali ya King Faisal, Kampala kuna taasisi ya moyo huko Mulago, Dar es Salaam kuna Taasisi ya Jakaya Kikwete. Lakini kwa mguu ulioziba ghafla, hesabu haikubali. Kutoka Bukavu mpaka Kigali kwa gari, kupitia msitu wa Nyungwe, ni saa 5 au 6. Ongeza saa ya kutafuta pesa, ongeza karatasi za mpaka wa Ruzizi, ongeza usiku. Mgonjwa anafika na mguu uliokwisha kufa. Na tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Kavumu na Bukavu, ndege ziliacha kutua Kavumu na banki zilifunga milango. Hata aliyekuwa na akiba hakuweza kuigusa.

Hoja inayouma zaidi ni hii: "Wakati wa vita kuna mambo ya haraka kuliko mishipa." Wanaoisema hawajakimbia vita. Mama aliyetoka Kalehe au Kabare na watoto wawili na godoro, mguu ndio gari lake. Ndio unaompeleka kisimani, sokoni na shambani, na ndio utakaomkimbiza tena kama milio ikirudi. Mji wenyewe ni vilima, matope na ngazi. Huko Heri Kwetu wanajitahidi kuwahudumia watu wenye ulemavu, na wanastahili shukrani. Lakini mguu wa bandia unakuja baada ya hasara. Zaidi ya hapo, mtu wa sukari au tansioni aliyekimbia usiku bila dawa zake ndiye mshipa wake unaozidi kuharibika. Kwa hiyo vita haiondoi ugonjwa huu kwenye orodha. Inausogeza juu.

Si kwamba kila chombo kipya ni cha kupigania. Vipo vipira vyenye visu vidogo au msasa unaozunguka, vinavyokwangua uchafu uliogandamana ndani ya mshipa. Ni vya bei kali, na utafiti haujaonyesha wazi kwamba vinashinda puto la kawaida. Mwaka 2023 magazeti ya Marekani yalieleza habari za wagonjwa waliopitishiwa vyombo hivyo mara nyingi bila sababu ya kutosha, wengine wakaishia kukatwa miguu. Kule mguu unapotea kwa sababu ya tamaa, hapa kwa sababu ya ukosefu. Mwanasiasa atakayekuja kuahidi Bukavu mashine ya kukwangua mishipa aulizwe kwanza kama vituo vya afya vina kipimo cha sukari.

Na mgonjwa mzee asiambiwe kwamba wakati wake umepita. Januari 1964, mganga Charles Dotter huko Portland alipokea bibi wa miaka 82, kidonda hakiponi, vidole vimeanza kuoza. Wapasuaji walitaka kukata, bibi alikataa. Dotter alipanua mshipa wake kwa vipira, kimoja baada ya kingine. Mguu ulipona, na bibi alitembea kwa miguu yake miwili mpaka alipofariki kwa ugonjwa mwingine zaidi ya miaka 2 baadaye.

Ni kweli, kuna siku ambapo kukata ndiko kunaokoa uhai, na mganga anayekata siku hiyo si adui. Lakini mambo manne yanaweza kuanza sasa.

La kwanza ni bure. Kila muuguzi anayeona mtu wa sukari au kidonda kisichopona aweke vidole viwili juu ya mguu na nyuma ya kifundo, atafute mapigo, aandike kwenye fishi. La pili, divisheni ya afya ya jimbo na mashirika yanayoleta vifaa vya upasuaji wa vita yaweke ndani ya masanduku hayo mipira ya puto na dawa ya kuzuia damu isigande, na kuwafundisha wapasuaji. La tatu, mgonjwa wa haraka avuke Ruzizi saa yoyote, na wanaoushika mji pamoja na Kinshasa wasirushiane mpira juu ya mtu anayepoteza mguu. La nne, mguu usikatwe, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kungeua, kabla mganga hajaandika hali ya mshipa.

Familia nazo zina la kufanya. Mguu ukiwa baridi na kupauka ghafla, hakuna kusubiri asubuhi, hakuna kukanda kwa maji ya moto, hakuna hirizi. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Na kabla ya kutia sahihi, mtoto amuulize mganga kwa heshima: "Dokta, damu inafika kwenye mguu wa mama?" Mganga mwenye jibu hatakasirika. Asiye na jibu, aende akaangalie.