Kabla ya Kutuma Fedha Mara ya Pili

Tangu MTN ilipoanzisha utumaji wa fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, askari aliye mbali na jamaa zake hahitaji tena kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Juma hili tuelezane jambo moja linalosumbua nyumba nyingi: fedha imetumwa, mtandao umekatika, na simu imenyamaza. Je, itumwe tena?

Tuchukue mfano. Askari aliyeko Moroto anamtumia mwenye nyumba wa Kyebando shilingi 300,000, kodi ya nyumba wanamoishi mkewe na watoto. Katika kompyuta za kampuni hufanyika kazi mbili: kupunguza hesabu ya askari na kuongeza ile ya mwenye nyumba. Mitambo ikizimika katikati, fedha ingeweza kutoka kwa mmoja isimfikie mwingine. Ndiyo sababu wataalamu, akiwamo Jim Gray wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1981, walieleza kwamba kazi hizo sharti zihesabiwe kuwa muamala mmoja: zitimie zote, au isitimie hata moja.

Kompyuta hutimiza kanuni hiyo kwa daftari la kumbukumbu. Huandika kwanza inalokusudia kufanya. Kazi ikimalizika, hutia alama ya kukamilika. Ikizimika na kuwaka tena, husoma daftari na kuutangua muamala usio na alama hiyo.

Lakini ulinzi huo una mpaka. Huenda muamala umekamilika, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Kimya cha simu, basi, si dalili ya kukataliwa. Atumaye upya aghalabu huanzisha muamala mwingine kamili. Kodi hulipwa maradufu, na nyumbani hakuna unga. Fedha ikitoka benki kwenda simu, subira huhitajika zaidi, kwa kuwa vitabu vya hesabu ni viwili na kila kimoja kina mwenyewe.

Yafaa kufuata utaratibu huu. Kwanza, tazama salio lako: kwa MTN ni *165#, kwa Airtel ni *185#. Pili, mwombe mpokeaji atazame salio lake, wala asitegemee ujumbe pekee, maana wezi hutunga ujumbe wa uongo. Tatu, fedha ikiwa imetoka nawe bila kufika, usitume tena; wapelekee kampuni nambari ya muamala, kiasi na saa. Salio likiwa halijapungua hata baada ya kungoja, ndipo utume upya.

Mshahara hupatikana kwa jasho. Dakika chache za kuhakikisha zitauhifadhi.