Deni likishinda bwana na bibi: msikimbie usiku, liwekeni mezani

Bukavu, Kivu ya Kusini. — Swali moja linazunguka siku hizi katika makartie ya Kadutu, Panzi na Bagira, na ndani ya nyumba zilizopokea ndugu waliokimbia vita kutoka Kalehe na Kabare. Je, bwana na bibi walioshindwa na madeni wanaweza kwenda mbele ya sheria, waseme "tumefilisika, hatuna kitu", kisha waachiliwe? Wengine wamesikia kwamba Ulaya na Marekani mambo yanafanyika hivyo. Wengine wamekwisha kuchoka, wanataka tu neno moja la kufunga mlango wa wadai.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwetu, mlango huo karibu haupo kwa familia ya kawaida. Lakini yale mazuri yaliyo ndani ya sheria ya kufilisika tunaweza kuyafanya sisi wenyewe, bila kungoja tribinali, tukikubali jambo moja gumu: deni litoke mafichoni, liwekwe mezani mbele ya wadai wote, bwana na bibi wakiwa pamoja.

Kwanza tukumbuke madeni haya yametoka wapi. Si wote waliokula pesa kwa anasa. Tarehe 16 Februari 2025 AFC/M23 iliingia mjini. Benki zilikuwa zimefunga milango, na akiba ya watu ikabaki ndani. Maduka na maghala yaliporwa; PAM, Shirika la Chakula Duniani, lilitangaza kwamba tani 7 000 za chakula zilichukuliwa katika maghala yake ya Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa unapita kwa benki akaanza kuufuata kwa simu, na kila akitoa pesa kwenye kabine anakatwa. Noti zilizochakaa zikaanza kukataliwa sokoni. Mama aliyekuwa amechukua mkopo Januari ili aongeze mtaji wa unga ama sambaza, Machi alikuwa hana unga wala mtaji. Deni peke yake ndilo lililobaki zima.

Ndiyo maana methali yetu ya kwamba dawa ya deni ni kulipa haitoshi. Ni kweli, deni hulipwa. Lakini methali haisemi unalipa na nini wakati vita imekula kile ulichokopea.

Sheria inasema nini? Kongo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria ya OHADA juu ya kufilisika, ile iliyorekebishwa tarehe 10 Septemba 2015, haihusu makampuni makubwa tu. Inamhusu pia mtu mmoja mmoja anayefanya kazi yake mwenyewe: mfanyabiashara, fundi, mkulima. Imeweka hata njia nyepesi kwa biashara ndogo, ile isiyozidi wafanyakazi 20. Kwa hiyo mama mwenye duka lake Nyawera, kwa maandishi, si mtu wa nje ya sheria hiyo. Lakini inadai daftari za hesabu, orodha za mali na za wadai, na jaji wa kuzipokea. Wangapi kati yetu wana daftari za namna hiyo? Na tangu Februari 2025, tribinali za mji huu hazifanyi kazi kama zamani.

Mwalimu, muuguzi, mlinzi, yaani mtu wa mshahara aliyekopa kwa ajili ya masomo ya watoto ama ugonjwa, sheria hiyo haimuoni kabisa. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2015 inamruhusu mtu yeyote kuomba kutangazwa kuwa amefilisika, na kwa kawaida baada ya miaka 3 anafunguliwa, hata kama hakumaliza kulipa. Kwetu, hakuna mtu wa mshahara anayeweza kuomba hivyo.

Lakini msidhani kwamba tuko mikono mitupu. Kuna mambo matatu ambayo kila familia inapaswa kuyajua. La kwanza: sheria ya OHADA ya kudai madeni inampa jaji ruhusa ya kuahirisha malipo ama kuyagawa kidogo kidogo, ndani ya muda usiozidi mwaka mmoja, akiangalia hali ya mdaiwa na mahitaji ya mdai. La pili: kitabu chetu cha sheria za mikataba, kifungu cha 131 bis, kinasema kwamba mkopeshaji akitumia shida ama ujinga wa mtu ili apate riba ya kupita kiasi, jaji anaweza kuirudisha kwenye riba ya kawaida. La tatu: Kongo ilikubali mwaka 1976 mkataba wa kimataifa wa haki za raia, unaokataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kukosa pesa si kosa la jinai. Lakini mjihadhari: kudanganya ili upewe pesa, ama kuuza kitu ulichokabidhiwa, hilo ni kosa, na ndiyo njia wadai wengi wanayopitia ili mtu afungiwe.

Kwa kuwa mlango wa failite ni mwembamba, watu wengi wamejitengenezea failite yao wenyewe. Wanafunga vyombo usiku, wanazima simu, wanaenda kwa ndugu ng'ambo ya Ruzizi ama kijijini. Ama bwana anaondoka peke yake "kutafuta", na bibi anabaki kupokea matusi mlangoni. Ninasema wazi: hiyo si suluhisho. Anayekimbia deni la dola 150 la AVEC anapoteza kitu kinachozidi dola 150. Anapoteza jina. Na katika mji ambako benki haikusaidii, jina lako kwa majirani ndiyo benki pekee uliyobakia nayo.

Tuchukue mfano, tuupigie hesabu. Bwana na bibi wana madeni haya: dola 400 kwa kooperative ya akiba na mkopo, dola 300 kwa Banque Lambert, yaani wale wakopeshaji wa mitaani, dola 150 kwa AVEC ya mama, dola 100 za miezi 2 ya nyumba, na dola 50 kwa butiki ya avenue. Jumla dola 1 000. Wakiisha kununua chakula na mkaa, wanaweza kutoa dola 40 kwa mwezi, si zaidi.

Lambert akidai asilimia 30 kwa mwezi, na kuna wanaofika 50, riba yake peke yake ni dola 90. Hiyo inazidi mara mbili ya kile familia inaweza kutoa kwa wadai wote pamoja. Yaani hata wakimpa Lambert kila franga, deni linaendelea kupanda, na wale wengine wanne hawapati kitu. Ndivyo inavyokuwa siku zote: anayepiga kelele zaidi analipwa wa kwanza, na AVEC, pesa ya kina mama wenzako, inalipwa ya mwisho.

Sasa tusimamishe riba, tugawe zile dola 40 kwa kadiri ya kila deni. Kooperative inapata 16, Lambert 12, AVEC 6, mwenye nyumba 4, butiki 2. Kila mwezi. Baada ya miezi 25 deni lote limekwisha. Miaka miwili na mwezi mmoja. Ni muda mrefu, lakini una mwisho. Njia ile nyingine haina.

Hayo ndiyo tribinali ya kufilisika ingefanya: kusimamisha mbio za wadai, kuhesabu kila kitu, kugawa kwa haki, kuweka tarehe ya mwisho. Je, tunashindwa kuyafanya wenyewe?

Mwanzo ni ndani ya nyumba. Bibi aseme deni la likelemba ambalo bwana hajui. Bwana aseme ile simu aliyoweka rehani. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 iliondoa ruhusa ya mume juu ya mke, ikaweka kwamba bwana na bibi wanapaswa kupatana kwa yale yanayowafunga. Wengi waliifurahia ama kuilalamikia, lakini kupatana hakuwezekani juu ya jambo ambalo mmoja amelificha. Nyumba nyingi hazivunjwi na deni lenyewe. Zinavunjwa siku deni la siri linapogonga mlango.

Kisha andikeni. Karatasi moja: nani anadai, kiasi gani alitoa, kiasi gani mmekwisha kurudisha, riba ni kiasi gani. Tenganisheni mtaji na riba. Waiteni wadai wote siku moja, mbele ya mtu ambaye wote wanamheshimu: shefu wa avenue, mzee wa kanisa ama wa msikiti, mwenyekiti wa AVEC, na wakili kama mnampata. Onyesheni kinachoingia na kinachotoka. Msiahidi dola 60 wakati mna 40, kwa sababu ahadi ya kwanza ikivunjika hakuna atakayekuja kwa mkutano wa pili. Wote watie saini, na kila malipo yaandikwe. Na tangu siku hiyo, hakuna deni jipya la kulipa deni la zamani.

Kuna watakaosema: ukifungua mlango huo, hata mwenye uwezo atajifanya maskini. Ni kweli wapo. Lakini mjanja hapendi meza ya wazi, mbele ya majirani wanaojua amenunua nini wiki iliyopita. Mjanja anapenda kuwapigia wadai simu mmoja mmoja, kila mmoja na hadithi yake. Meza ndiyo inayomfichua.

Sasa niseme na ninyi mnaodai. Ninajua kwamba mdai naye ana njaa. Mwenye butiki anadaiwa na aliyemletea bidhaa. Pesa ya AVEC ni ya wanachama 20 ama 25, na kila mmoja anangoja siku ya kugawana. Siwaombi mfute madeni. Ninawaomba msimamishe riba ya miezi ambayo mji wote ulikuwa umefungwa, na msinyang'anye mtu kitu anachofanyia kazi. Ukichukua mashine ya fundi cherehani ama beseni la mama wa sambaza, umepata dola chache leo, umeua dola za kila mwezi. Hata AVEC ina mfuko wake wa mshikamano, uliowekwa kwa ajili ya shida kama hizi. Wanachama wakae, waamue mbele ya sanduku la kufuli tatu, si katika maneno ya pembeni.

Na kwenu familia mliokimbia: kuondoka kijijini juu ya risasi si kumkimbia mdai. Lakini mdai hajui tofauti kama simu yako imezimwa. Mtume ujumbe hata kama huna kitu: "Tuko Bukavu, tuko hai, deni ninalikumbuka." Kama kitabu cha AVEC kilichomeka ama kilipotea, tafuteni wanachama watatu ama wanne, muandike upya kile ambacho kila mmoja anakumbuka, wangali wanakumbuka. Na ninyi mliobaki kijijini, msigawane pesa ya asiyekuwepo kana kwamba amekufa.

Kooperative na mashirika ya mikopo nayo yana wajibu. Yasingoje mteja aje kulia kwenye guichet. Yatangaze wazi, hata kwa redio, masharti ya kupanga upya mikopo ya kabla ya Februari 2025. Na siku tribinali zitakaporudi katika hali yake, wabunge wetu wafikirie sheria inayomuona pia mtu wa mshahara na familia yake, siyo mfanyabiashara peke yake.

Bwana na bibi ambao usiku huu wanahesabu tena, wakiona hesabu haikubali, nawaambia: kufilisika si aibu. Vita imefilisisha mji mzima. Aibu ni kumwacha mwenzako abebe peke yake. Kesho asubuhi, kabla ya kufunga vyombo, chukueni karatasi na kalamu. Andikeni jina la mdai wa kwanza.