"Ndiyo, Padre" haitoshi: kwa nini majandokasisi tufundishwe utafiti wa mtumiaji

Paroko akisimama mwisho wa Misa ya Dominika na kuwauliza waumini kama utaratibu mpya wa ofisi ya parokia unawafaa, jibu linajulikana kabla hajamaliza kuuliza: "Ndiyo, Padre." Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei ataongeza neno la shukrani, watu watapiga makofi, na baraka ya mwisho itafuata. Baada ya wiki tatu katekista anaona fomu za ubatizo bado zinarudi nusu tupu, wazee bado wanazunguka nje ya ofisi wakiuliza wapi pa kuandikisha nia za Misa, na wale ambao hawakuelewa kabisa hawaji tena kuuliza. Hakuna aliyesema uongo. Watu walimheshimu padre wao, na heshima hiyo ikamnyima habari aliyoihitaji.

Katika makala haya natetea jambo moja: seminari zetu zitupatie majandokasisi mafunzo ya vitendo ya utafiti na usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Jina ni refu na linasikika kama mali ya watu wa kompyuta. Kiini chake, hata hivyo, ni ustadi ambao mchungaji anauhitaji kila siku: kumtazama mtu anapoitumia huduma uliyomwandalia, na kuwa tayari kuibadilisha kutokana na ulichokiona.

Fani hii inafanya nini

Maneno "uzoefu wa mtumiaji" yalipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia kwa Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Apple. Mwaka 1988 alikuwa ametoa kitabu kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, na mfano wake uliojulikana sana ni mlango. Mtu akivuta mlango unaotakiwa kusukumwa, sisi humcheka yeye. Norman aliipeleka lawama kwa aliyeusanifu mlango: ameweka kishikio cha kuvutia mahali pa kusukuma.

Kazi yenyewe haina miujiza. Mtafiti huanza kwa kukaa na watu na kuwasikiliza wakieleza walivyofanya jambo fulani mara ya mwisho, kisha huwatazama wakilifanya. Anachora kwenye karatasi namna mpya ya kulifanya, anawapa waijaribu huku wakisema kwa sauti wanachofikiri, anaona wanapokwama, anarekebisha, anawapa tena. Wala watu wengi hawahitajiki. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, alieleza kwamba kuwatazama watumiaji watano wa kundi moja hufichua sehemu kubwa ya matatizo, kama asilimia 85 kwa hesabu yake. Alishauri turekebishe na kujaribu tena na wengine watano, badala ya kukusanya umati mara moja.

Mfano ulio karibu nasi tunatembea nao mifukoni. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Walioendesha jaribio waliwafuatilia watumiaji, wakakuta wanafanya mambo yasiyokuwa kwenye mpango: wanatumiana fedha, wanalipana katika biashara, wengine wanaweka fedha kwenye simu kabla ya safari na kuzitoa wanapofika. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwaka 2007, ilijengwa juu ya kutuma fedha, na marejesho ya mikopo yakawekwa kando. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Kama wangeishia kuuliza iwapo mfumo wa marejesho ni mzuri, huenda wangejibiwa kwamba ni mzuri, na mambo yakaishia hapo.

Heshima na ukimya

Nathubutu kusema kwamba parokia inauhitaji ustadi huu kuliko kampuni. Mteja asiyeridhika huhamia mtandao mwingine, na kampuni huiona hasara hiyo kwenye vitabu vyake. Muumini aliyeshindwa na utaratibu wetu hunyamaza. Anaendelea kuja Misa, akikaa benchi la nyuma. Mtoto wake anachelewa kubatizwa kwa sababu ya karatasi moja, ndoa yake haifungwi kanisani kwa sababu hakuelewa aanzie wapi, na sisi tunaandika kwenye taarifa kwamba imani imepoa.

Katika parokia moja nilikokuwa wakati wa likizo, zaka ilikuwa imeanza kupokewa kwa simu. Tangazo lilibandikwa mlangoni, likiwa na namba ya malipo na hatua nane za kufuata. Lilipozungumzwa kwenye Jumuiya, kila mtu alisema ni utaratibu mzuri. Lakini Dominika moja baada ya Misa niliwaona mabibi wawili wakimpa kijana wa kwaya simu zao, kisha wakimtajia namba zao za siri kwa sauti, mbele ya watu, ili awalipie. Mmoja alinieleza kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa maandishi ya kwenye simu hayaoni, na hakutaka Padre adhani kwamba ameacha kutoa zaka. Bibi yule alikuwa tayari kuhatarisha akiba yake yote ili asionekane mzembe mbele ya Kanisa. Paroko alipoelezwa, aliamua siku ileile kwamba bahasha za zamani zitumike sambamba na simu. Alikuwa ameuliza kwa nia njema mara kadhaa, lakini habari hiyo haikuwa imemfikia kwa njia ya swali. Ilipatikana kwa macho, pale nje, karibu na kengele.

Nasi majandokasisi tusijidanganye kwamba tatizo hili litatukuta baada ya upadrisho. Limeshatukuta. Tukienda kigangoni, Frateri anapewa kiti na soda wakati wazee wenye umri wa babu zake wamesimama. Watu huanza kukubaliana nasi mapema mno. Kijana aliyezoea kukubaliwa tangu ana miaka ishirini, akifika arobaini atakuwa amesahau kwamba kuna kitu kinaitwa kukosolewa.

Kwa nini kwa vitendo

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili kwa Nikomako, anafundisha kwamba fadhila huja kama ufundi unavyokuja: mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anaeleza kwamba busara hushughulika na mambo mahususi, hivyo haiwezi kukomaa pasipo uzoefu. Darasani tunasoma mengi kuhusu hadhi ya nafsi ya binadamu, na ni ya lazima. Lakini mtu anaweza kupata alama za juu katika mtihani wa falsafa ya mtu na bado asijue kumsikiliza mtu.

Jaribu zoezi hili, ndugu msomaji. Chukua fomu yoyote ya parokia yako, mpe mzazi ambaye hajawahi kuiona, keti pembeni yake kwa dakika kumi, usimsaidie. Ulimi utakuwasha. Utataka kumwonyesha kwamba hapo panaandikwa tarehe ya Kipaimara cha msimamizi, si ya mtoto. Ukimwonyesha, fomu itajazwa vizuri na hutajifunza chochote, isipokuwa kwamba fomu hiyo inahitaji Frateri asimame karibu nayo daima. Ukinyamaza, utaona mahali ambapo kalamu inasita, na hapo ndipo penye kazi.

Au zingatia namna ya kuuliza. Swali "Je, fomu hii ni rahisi?" huleta adabu. Swali "Mara ya mwisho ulipomwandikisha mtoto ubatizo, ulianzia wapi?" huleta habari, kwa sababu mtu anasimulia yaliyotokea na hatakiwi kumhukumu aliyemuuliza. Kuna pia nidhamu ya kuandika ulichokiona mbali na unachodhani: "alirudi mlangoni mara mbili" ni kitu kimoja, "hakuwa makini" ni kingine. Na kuna lililo gumu kuliko yote, kutotetea kazi yako pale mama wa kigangoni anapoirudisha karatasi uliyoichora usiku kucha na kusema haielewi. Hayo hayanakiliwi kwenye daftari. Hupatikana kwa kuyafanya, mbele ya wenzako, chini ya mlezi anayekurekebisha.

Kanisa limeyajua haya

Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba wajane wa waamini wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahaulika katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yakasikika. Mitume hawakuwaambia wajane wawe wavumilivu, wala hawakuulizia nani kaanza kulalamika. Waliita jumuiya, wakabadilisha utaratibu, na watu saba wakachaguliwa, wote wakiwa na majina ya Kigiriki, yaani watu ambao bila shaka wangewaelewa waliosahaulika. Sura hiyohiyo inaendelea kusema kwamba neno la Mungu likazidi kuenea.

Bwana wetu mwenyewe, aliyeona wazi kwamba Bartimayo ni kipofu, alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Na katika karne iliyopita Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mwanzilishi wa chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo, aliwafundisha vijana wa viwandani njia ya hatua tatu: kuona, kuamua, kutenda. Mtakatifu Papa Yohane XXIII aliipokea njia hiyo katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra. Sisi hatua ya pili na ya tatu tunazipenda sana. Ya kwanza tunaipitia haraka, kwa kuwa tunaamini tumeshaona. Hayati Papa Fransisko, katika Furaha ya Injili ya mwaka 2013, aliweka miongoni mwa kanuni zake kwamba uhalisia hutangulia wazo. Utafiti wa mtumiaji ni namna mojawapo ya kuipa kanuni hiyo miguu ya kutembelea.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba waumini si wateja na Injili si bidhaa. Ni kweli, na ni vizuri isemwe. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, unakataza mtu yeyote, hata akiwa padre, kuongeza, kupunguza au kubadilisha chochote katika Liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Siombi tuwapigie watu kura juu ya Sakramenti. Naongelea njia ya kuzifikia: saa za ofisi, lugha ya fomu, ratiba ya maungamo, kipaza sauti kisichosikika upande wa kina mama wenye watoto, ngazi zisizopandwa na mwenye magongo. Hayo tumeyatengeneza sisi, na sisi tunaweza kuyarekebisha.

Wengine wataonya kwamba ustadi huu hutumika vibaya, nao pia wana haki. Hakuna kijana anayepotea njia ndani ya programu ya kubeti. Kila kitufe kimewekwa pale ambapo kidole kinafika, ili aendelee kuweka fedha. Hapo ndipo mwanafunzi wa falsafa ana cha kuchangia: kuuliza kwamba urahisi huu unampeleka mtu wapi, na kwa faida ya nani. Lakini ni aibu wenye kubetisha wawajue vijana wetu kwa undani kuliko sisi tunaotumwa kwao.

Wa tatu watasema ratiba imejaa. Imejaa kweli, na siombi somo jipya lenye mtihani. Pastores Dabo Vobis ya mwaka 1992 inataja malezi ya kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji, na kwa upande wa kichungaji tayari tunatoka mwisho wa juma kwenda vigangoni, hospitalini, shuleni na magerezani. Tuna pa kujifunzia. Tunachokosa ni njia ya kujifunza tukiwa huko.

Pendekezo langu kwa Baba Gombera, walezi na majaalimu ni hili. Kila muhula kila kikundi cha kichungaji kichague huduma moja ndogo mahali kinapokwenda. Wiki ya kwanza tusikilize na kutazama watu watano, tukiwaomba ridhaa na bila kuandika majina yao. Ya pili tuchore badiliko kwenye karatasi. Ya tatu tulijaribu na wengine watano. Ya nne tumkabidhi paroko husika kurasa mbili za tulichokiona, yeye aamue. Katika parokia nyingi wapo walei vijana wanaofanya kazi hii katika kampuni za simu na benki. Waalikwe kwa siku moja watuonyeshe, nasi tukubali kuwa wanafunzi wao. Gharama yake ni karatasi, kalamu na nauli ambayo tayari inalipwa. Kama tukikosa pa kuanzia, fomu ya ubatizo ipo katika kila ofisi ya parokia.