Tusinunue mita isiyorekebishika

Mwaka 2024 kaya nyingi za Tanzania na Kenya zilipewa kazi ambayo hazikuwahi kuifanya. Mtu alinunua umeme kama kawaida yake, lakini ujumbe ulioingia kwenye simu ulikuwa na safu tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Baba anasoma nne nne, mtoto amepanda stuli anabonyeza. Akikosea moja, wanaanza upya. Safu mbili za kwanza hazikuleta uniti hata moja. Zilikuwa zinabadili ufunguo ndani ya mita.

Wengi waliambiwa ni maboresho ya mfumo, wakaishia hapo. Sababu yenyewe ni hii. Mita za LUKU za Tanzania na mita za tokeni za Kenya hufuata kiwango kimoja kilichoanzia Afrika Kusini. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, ili isiweze kutumika mara mbili. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, nazo zinatosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zilimalizika Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikubadilishiwa ufunguo isingepokea tena tokeni mpya, hata mwenye nyumba awe amelipa.

Tunalirudia jambo hili kwa sababu mita ile, yenye kumbukumbu finyu kiasi hicho, ilitengenezwa ikiwa na mlango wa kurekebishiwa. Haina intaneti wala laini ya simu. Mwananchi ndiye aliyekuwa waya, akabeba marekebisho kwa vidole vyake. Lakini mlango ulikuwepo, na baada ya miaka zaidi ya 30 ulifunguka. Leo tunauziwa vifaa vyenye nguvu mara nyingi kuliko mita ile, na vingi havina mlango wowote.

Vifaa hivyo vimeshaingia majumbani na maofisini. Mita za maji zinazotuma usomaji zenyewe, mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, vipimajoto vya majokofu ya chanjo, kamera za dukani: kila kimoja kina kompyuta ndogo ndani yake. Ndogo kweli kweli. Wahandisi wa intaneti waliviweka vifaa hivi katika madaraja mwaka 2014, na daraja moja wakalitengea kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 10 hivi. Tahariri hii peke yake ingejaza zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Humo ndimo kifaa kinamotakiwa kupima, kuhesabu, kufunga ujumbe kwa siri na kuurusha hewani.

Kwa hiyo hakibebi mfumo endeshi kama wa simu ya mkononi. Kinabeba jukwaa dogo lililokatwa kwa kipimo chake. Mswidi Adam Dunkels aliandika Contiki, Mwingereza Richard Barry akatoa FreeRTOS mwaka 2003, RIOT ikakulia Berlin, na tangu 2016 mradi wa Zephyr uko chini ya Linux Foundation. Majukwaa haya hutolewa bure, na mtu yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake. Mzabuni atakayedai kwamba programu inayoweza kusasishwa ni anasa ya nchi tajiri, aulizwe ni leseni ya jukwaa gani iliyomshinda kulipa.

Gharama ya kweli iko kwingine, na ni vyema wanunuzi wa umma waielewe. Ili kifaa kisasishwe kwa usalama, hifadhi yake inahitaji nafasi mbili: moja ya programu inayofanya kazi, nyingine ya programu mpya inayoshuka. Kabla ya kuiwasha mpya, kifaa kinakagua saini ya mtengenezaji ili kisije kikapokea programu ya mwizi. Ikiwashwa na kushindwa, kinarudi kwenye ile ya zamani. Ondoa nafasi ya pili ili upunguze bei, na umeme ukikatika katikati ya sasisho kifaa kinabaki hakina ya zamani wala mpya. Kwetu umeme hukatika. Kifaa kilichokufa hivyo juu ya kisima cha kijijini hakifufuliwi kwa simu. Fundi atapanda pikipiki, na huenda mabomba yakakaa makavu mpaka afike. Akiba iliyopatikana siku ya zabuni inalipwa na mama mwenye ndoo.

Yanayofuata kupuuza haya yalishaonekana. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu manenosiri ya kiwandani yapatayo 60. Ilinasa kamera na vifaa vya kurekodia picha kwa maelfu mengi, na Oktoba 21 ya mwaka huo jeshi hilo la vifaa likaielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye tovuti za wengine, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watumiaji wengi. Wenye kamera hawakujua lolote. Picha ziliendelea kuonekana kama jana.

Kisha Desemba 2020 watafiti wa kampuni ya Forescout walitangaza kasoro 33 katika programu nne za mawasiliano zinazotumiwa na vifaa vidogo, mojawapo ikiwa uIP, aliyoiandika Dunkels huyo huyo. Kasoro si aibu. Kila msimbo unazo. Aibu ni kwamba msimbo huo ulikuwa umenakiliwa na kupachikwa kwenye bidhaa za watengenezaji zaidi ya 150, na ikawa kazi ngumu hata kufahamu nani anao na nani hana. Pakiti ya biskuti huandikwa viambato vyake. Mita inayoamua kama familia italala na taa au gizani haipaswi kudaiwa pungufu ya hapo.

Uingereza iliacha kubembeleza: tangu Aprili 29, 2024 ni marufuku kuuza huko kifaa cha nyumbani cha kuunganishwa chenye nenosiri la kiwandani linalofanana kwa vyote, na mtengenezaji analazimika kutaja muda atakaoendelea kukitolea masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria itakayobana kikamilifu kuanzia Desemba 11, 2027, ambayo kwa kawaida inataka huduma hiyo idumu angalau miaka 5. Bidhaa zitakazokataliwa huko zitatafuta pa kwenda. Tusiwe sisi.

Wajibu huu una wenyewe. Si wa mwananchi, ambaye alishafanya sehemu yake juu ya stuli. Ni wa bodi ya zabuni ya shirika la umeme, mamlaka ya maji na wizara ya afya, na ni wa wasimamizi, yaani TCRA ya mawasiliano na TBS ya viwango hapa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano na KEBS ya viwango nchini Kenya. Kila zabuni ya kifaa cha kuunganishwa itaje jukwaa linaloendesha kifaa hicho, iambatanishwe na orodha ya vipande vyote vya programu vilivyomo, ionyeshe nafasi ya pili ya sasisho, na iwe na tarehe ambayo mtengenezaji anaahidi kukitunza hadi itakapofika. Funguo za kusaini masasisho ziwekewe utaratibu wa kukabidhiwa mtengenezaji akifilisika, maana kampuni hufa na mita hubaki ukutani. Na sasisho lijaribiwe mbele ya mnunuzi, umeme ukikatwa makusudi katikati yake, kabla ya malipo ya kwanza kutoka.

Ofisa atakayesema muda hautoshi kuuliza haya yote akumbuke kwamba tarehe ya Novemba 24, 2024 ilikuwa inahesabika tangu 1993. Mita zinazonunuliwa sasa zitakuwa bado ukutani mwaka 2040. Anayeshika kalamu ya mkataba adai tarehe ya utunzaji kabla ya kusaini. Mzabuni akishindwa kuiandika, bahasha yake irudishwe.