Ekskaveta iliyotumika: lipia kwanza kiganja cha mwendeshaji

Tangu Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha mwaka 2018 mkopo wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, ya kilomita 260 hivi, mfanyabiashara wa Kibondo au Kasulu ana sababu ya kufikiria kukodisha mitambo badala ya kulaza fedha zote katika mahindi na maharage.

Wanunuzi wengi huuliza bei, mwaka na saa mtambo ulizofanya kazi. Kwa maoni yetu, swali lenye fedha zaidi ni hili: mwendeshaji anahisi nini kiganjani?

Jibu limo katika kontroli valvu, inayogawa mafuta ya haidroliki kwenye bumu na baketi. Katika mitambo ya zamani leva iliisukuma vali moja kwa moja. Baketi ikigonga jiwe, leva ilimwambia mwendeshaji. Ekskaveta nyingi za tani 20 hupitisha amri kwanza kwenye vali ndogo ya shinikizo la bar 30 hadi 40, huku njia kuu ikizidi bar 300. Kiganja hakichoki, ila kinahisi springi tu. Zinazotumia amri za umeme hazimletei hata mguso huo wa mafuta, na watengenezaji wengine wamebuni leva zinazotetemeka au kukaza ili kumrudishia hisia.

Ni kifaa kizuri, hasa pale baketi inapokaribia bomba la maji mjini. Hata hivyo, mwekezaji mdogo wa Kasulu asikilipie. Sensa ikifa, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000, na riba ya mkopo haisubiri vipuri.

Anunue mtambo wa vali ndogo ya mafuta, na fedha inayobaki aiweke kwenye filta. Vumbi likiingia katika mafuta hukwaruza chuma kinachoteleza ndani ya vali. Mafuta huvuja ndani kwa ndani, leva inakuwa butu, bumu inashuka yenyewe. (Mwandishi alisomea biashara, si ufundi, lakini hasara anaijua.)

Nenda na mwendeshaji wako, nauli na posho uziingize katika bei ya ununuzi. Asogeze leva taratibu: bumu ianze polepole, isishtuke. Kisha ainue baketi yenye mzigo, azime injini, mpime kwa futi baada ya dakika 10, watu wakae mbali. Ikishuka sana, silinda au vali imechoka. Punguza bei au ondoka. Muuzaji akitaka mpime mafuta yakiwa baridi, kataeni. Ngojeni yapate moto, maana ndipo uvujaji unapoonekana.