Mwalimu Siddens na Vijana Wake wa Mieleka

Huko katikati ya Marekani liko jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe, ambako majira ya baridi ni marefu na theluji hufunika mashamba. Katika miezi hiyo vijana wa shule huingia kumbini kushindana mieleka, na wazazi wao hujaa kuwatazama kama sisi tujaavyo viwanjani kutazama kandanda. Ndugu msomaji asidhani nazungumzia ile mieleka ya maigizo, ya majitu yanayotupana nje ya kamba. Hii ya shule haina kamba wala vinyago. Ni vijana wawili wa uzito mmoja juu ya mkeka mnene, mwamuzi mmoja, na vipindi vitatu vya dakika mbili mbili.

Katika mji wa Waterloo, mji wa viwanda vya matrekta jimboni humo, alikuwako mwalimu aitwaye Bob Siddens. Alifundisha mieleka katika Shule ya Sekondari ya West tangu mwaka 1950 hadi mwaka 1977. Katika muda huo timu zake zilishinda mapambano 327, zikashindwa 26 na kutoka sare 3. Mara 11 zilitwaa ubingwa wa jimbo, na ulikuwako wakati zilipopita mapambano 88 mfululizo pasipo kushindwa.

Hesabu hizi zapendeza, lakini mtu asiyeujua mchezo anaweza kudhani kuwa ni kazi ya mabingwa wachache. Sivyo. Shule mbili zinapokutana, kila uzito hutoa mchezaji mmoja, kuanzia kijana mwembamba kama ufito hadi lile pande la mtu. Anayemlaza mwenzake chali mpaka mabega yote mawili yakabanwa mkekani huiletea timu yake pointi 6 kwa kanuni za leo. Anayemshinda mwenzake kwa tofauti ndogo tu, muda ulipokwisha, huleta 3. Kwa hiyo hata kijana dhaifu, anayejua fika kwamba leo atashindwa, bado ana kazi kubwa ya kufanya: asilazwe chali. Akistahimili dakika zote sita bila kuachwa mbali, ameiokolea timu pointi 3, na pengine pointi hizo ndizo zitakazoamua nani arudi nyumbani na ushindi. Gazeti halitamtaja. Nyumbani ataulizwa, "Umeshinda?" Atajibu kwamba ameshindwa, na mazungumzo yataishia hapo, hasa kama baba mwenyewe ni mtu wa kupenda vikombe.

Bingwa, hata awe simba, hawezi kuleta zaidi ya hizo 6. Timu isiyoshindwa mara 88 ni timu ambayo mwalimu wake hakumwacha nyuma yule wa kushindwa.

Mchezo huu una ubaya wake pia, na ukurasa wa familia haufai kuuficha. Ubaya huo ni mizani. Kijana hujinyima chakula na maji ili ashuke uzito, apate kupambana na waliomzidi udogo. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika muda wa majuma machache tu, wanafunzi watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijikausha maji mwilini kwa ajili ya mizani. Ndipo kanuni zikabadilishwa. Siku hizi hata katika shule za sekondari mkojo wa kijana hupimwa, ionekane kama mwili una maji ya kutosha, kabla hajapangiwa uzito wa chini anaoruhusiwa kushindania. Kocha amsifuye mtoto kwa kushinda na njaa, kwa maoni yangu, hastahili kukabidhiwa mtoto, ajapokuwa na kabati lililojaa vikombe.

Katika vijana wote waliopita mikononi mwa Siddens, mashuhuri kuliko wote ni Dan Gable, mzaliwa wa Waterloo. Mwaka 1964, akiwa na uzito wa ratili 95 tu, alitwaa ubingwa wa jimbo. Miezi michache baadaye, wazazi wake walikwenda naye safari ya kuvua samaki, na dada yake, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akabaki nyumbani ili awafuate kesho yake. Hakuwafuata. Aliuawa humo nyumbani, na aliyemuua alikuwa kijana jirani. Wazazi walitaka kuihama nyumba ile. Dan, aliyekuwa na miaka 15, aliwasihi wasiihame, akahamishia vitu vyake katika chumba cha marehemu na kulala humo.

Sisemi kwamba mieleka iliiponya familia ile. Msiba wa namna hiyo hauponi. Lakini mtoto aliyefiwa huhitaji mahali ambapo saa yake haijabadilika, na mtu mzima anayemngoja hapo jioni na kumdai jasho lile lile alilomdai jana. Majirani huja na rambirambi, kisha hurudi makwao. Mwalimu wa mchezo huwa na mtoto huyo kila jioni, msimu mzima. Dan alimaliza shule mwaka 1966 akiwa na ushindi 64 bila kushindwa hata mara moja, na ubingwa wa jimbo mara tatu.

Akaendelea hivyo chuoni mpaka pambano lake la mwisho, mwaka 1970, alipokutana na Larry Owings na kushindwa kwa pointi 13 kwa 11 mbele ya umati. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindwa katika mapambano ya shule na chuo tangu aingie sekondari. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, alitwaa medali ya dhahabu pasipo mpinzani yeyote kumpata hata pointi moja.

Msimu ule wa 1976 hadi 1977, ambao kwa Siddens ulikuwa wa mwisho, kwa Gable ulikuwa wa kwanza akiwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa. Alikaa hapo mpaka mwaka 1997, na timu zake zilitwaa ubingwa wa vyuo vya taifa mara 15.