Mwaka 1974 wa Chui wa Zaire

Mwaka 1974 hukumbukwa katika historia ya kandanda kwa ushindi wa Ujerumani ya Magharibi, iliyoilaza Uholanzi 2-1 mjini Munich, na kwa Bayern Munich kulitwaa Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya kwa mara ya kwanza. Sisi tunaovaa sare twaona yafaa mwaka huo ukumbukwe zaidi kwa habari za Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, kwa maana zatuhusu kuliko hizo za Ulaya.

Mwezi Machi timu hiyo, iliyoitwa Chui, ilinyakua Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne yalikuwa ya mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Jumla ya mabao yake 9 katika mashindano yale haijafikiwa na mchezaji yeyote hadi leo. Rais Mobutu aliwazawadia vijana wake nyumba na magari.

Mwezi Juni Chui wakaingia Ujerumani, wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Walifungwa na Uskoti 2-0, na hilo si aibu hata kidogo. Kisha, kama wachezaji walivyosimulia baadaye, wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa hazipo. Zimekwisha liwa na wakubwa waliofuatana nao. Wakatishia kugoma. Wakabembelezwa, na tarehe 18 Juni wakaingia uwanjani Gelsenkirchen kupambana na Yugoslavia.

Mabao matatu yaliingia upesi. Golikipa Kazadi Mwamba akatolewa, na kocha Vidinić alieleza baadaye kwamba amri hiyo haikuwa yake bali ya mjumbe wa wizara. La nne likaingia papo hapo. Katika vurugu iliyofuata Mwepu Ilunga akampiga teke mwamuzi, lakini aliyefukuzwa uwanjani ni Ndaye, asiye na kosa. Mchezo ukaisha 9-0. Walimwengu walicheka, askari aliyewahi kukesha lindoni huku posho yake imeishia mikononi mwa wengine hakuwa na sababu ya kucheka.

Mwepu alisimulia pia kwamba baada ya hapo walinzi wa Rais walifika hotelini, wakawafukuza waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao 4 hawatarudi nyumbani. Hapo ndipo sare inapoingia katika habari hii, nasi twasema wazi kwamba hatuipendi kazi iliyopewa. Bunduki iliyotolewa kulinda wananchi ilitumwa kwenda kudai mabao kwa vijana waliodhulumiwa.

Walifungwa 3-0. Katika mchezo huo Mwepu alichomoka ukutani na kuupiga mbali mpira wa adhabu kabla Wabrazil hawajaugusa, na hadi leo picha hiyo huonyeshwa kama kichekesho cha Mwafrika asiyejua sheria. Mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vema. Alitaka afukuzwe, kwa kuwa hakuona sababu ya kuumia huku wengine wakineemeka. Kitendo hicho hatukisifu. Lakini wale wanaosema Chui walikosa nidhamu watuambie ni nidhamu ipi, maana walicheza michezo yote mitatu mikono mitupu. Aliyekabidhiwa mfuko je, yeye aliulizwa nini?

Waliporudi Kinshasa hakuna aliyewajali tena. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia kuheshimiwa katika mashindano ya Afrika. Aliporejea Zaire, majambazi waliodhani mchezaji wa sifa kama zile lazima awe tajiri walimpiga risasi ya mguu. Akakimbilia Afrika ya Kusini kama mkimbizi, akaishi huko katika umaskini, na akafia Johannesburg mwezi Januari 2019.